Barua ya wazi kwa Diwani wetu: yale mabwawa ya mafunjo yameishia wapi?

Mheshimiwa Diwani,

Shikamoo. Kwa umri wewe ni mdogo wangu, ila hii ni shikamoo ya cheo. Kata siitaji, unajijua. Mimi ni mkaanga samaki hapa mwaloni, Mwanza, mwaka wa kumi na nne sasa. Barua mbili nilizokuletea ofisini kwa mkono zimeishia kwenye "mheshimiwa yuko kikaoni". Basi hii naiweka hadharani, maana huku najua utaonyeshwa tu.

Jumanne mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi nimeshuka na ndoo kuchota maji ya kuoshea sato, nikakuta ziwa limekuwa mlenda. Kijani, zito, linanuka. Mfereji wetu ulikuwa umeshusha kila kitu: pampasi, chupa, matumbo ya samaki, na vile vyoo vya mlimani ambavyo sote tunajua hufunguliwa mvua ikinyesha. Wateja walikuwa wakifika, wananusa, wanapita. Sato wa siku ile niliwagawia majirani, na wao walipokea kwa shingo upande. Mjukuu wangu anaharisha mpaka leo. Daktari hajasema ni maji. Mimi nasema ni maji.

Nikukumbushe kidogo, kama hutajali. Mwaka juzi ulikuja na mchoro mkubwa, ukatundikwa kwenye mwembe kwa vibanio vya nguo. Mabwawa matatu mwishoni mwa mfereji. La kwanza lenye kina, maji yatulie, mchanga na tope vizame. La pili la kina kifupi, limejaa mafunjo, maji yapite polepole katikati ya mizizi, vijidudu vilivyomo viule uchafu, na mafunjo yanyonye ile mbolea inayonenepesha magugu maji na huo mlenda wa kijani. La tatu wazi, lipigwe jua, ndipo maji yaingie ziwani. Pembeni maua, vijia, mabenchi ya kupumzikia. Mtaalamu uliyekuja naye alisema mafunjo lazima yakatwe na kuondolewa, yakiozea humo mbolea yote inarudi majini. Nikauliza, nani atakata? Ukajibu, "Akina mama, hiyo ni ajira yenu." Tulipiga vigelegele. Mimi nilipiga mpaka sauti ikakauka.

Vigingi vyekundu vilipigwa siku ileile. Bado vipo, kimoja nafungia mbuzi. Ila majuzi pembeni yake yamemwagwa mawe na mchanga wa kujengea, na hakuna wa kutuambia ni vya nani. Wapo wanaosema pale pameuzwa, wapo wanaosema hela ya mradi ilipelekwa barabarani. Mimi nadhani yote mawili. Sheria ya mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Nakijua kifungu hicho kwa moyo kwa sababu nilisomewa siku kibanda changu cha mabati kinabomolewa. Kumbe mita 60 za mkaanga samaki ni ndefu kuliko za mwenye lori la mawe.

Wala usituambie ni jambo geni. Kampala, ziwa hilihili, majitaka ya mji yamepita miaka na miaka kwenye mafunjo ya kinamasi cha Nakivubo kabla ya kufika ghuba ambayo mji huohuo unachota maji ya kunywa. Walipofyeka wapande magimbi na kujenga, maji yakaanza kufika yakiwa machafu zaidi, na kuyasafisha kukawa ghali. Hata hapa kwetu mdomo wa mfereji ulikuwa na mafunjo. Tuliyamaliza wenyewe kwa mikeka na kuni, sikatai. Ndiyo maana tulikuja mkutanoni wengi vile.

Sasa maua, acha. Mabenchi, acha, tutakaa chini kama siku zote. Hata matatu nimeshayapunguza: tuchimbie lile la kwanza tu, la kuzamisha tope. La pili tutachimba wenyewe kwa majembe, na mafunjo tutayafuata ng'ambo kwa mtumbwi. Tunachokosa ni katapila la siku mbili, na mtu wa kuyaondoa yale mawe.

Moja tu, Mheshimiwa. Kabla ya masika. Mbuzi nitamhamisha siku katapila likifika.

Mkaanga samaki wako, mwaloni