Risala ya Wafugaji wa Kanga na Kware wa Mwakirunge, Mombasa, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Chifu, mzee wa mtaa, imamu na mchungaji wetu, wazazi na wageni waalikwa: assalaam aleikum, hamjambo.

Tunakushukuru kwa dhati kwa kukubali mwaliko wetu na kufika hadi huku Mwakirunge. Wengi wa mjini hukujua huku kwa jaa la taka tu. Leo tunataka ukujue kwa ndege.

Kikundi chetu kilianza mwaka 2016, akina mama 11 na vijana 6, tukiwa na kanga 4 na kware 30. Wengi walituambia tumechelewa, maana ile homa ya kware ya mwaka 2014, kila mtu alipokimbilia kuwafuga, ilikuwa imeshapita na bei ya yai imeanguka vibaya. Hatukukata tamaa. Leseni kutoka Shirika la Huduma kwa Wanyamapori tuliipata, nayo imetundikwa ukutani. Huko Uingereza ndugu za ndege hawa, fezanti na kwale, hufugwa kwa mamilioni na kuachiliwa mashambani wawindwe. Kwetu Kenya uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku mwaka 1977, na ndege wetu wanakwenda sokoni na jikoni.

Mafanikio yetu ni makubwa, Mheshimiwa. Nyama ya kanga wa Mwakirunge imeliwa na watalii katika hoteli za Bamburi na Nyali. Mayai ya kware yanafika soko la Kongowea kila wiki. Watoto 3 wamelipiwa karo. Wahenga walisema kanga hazai ugenini. Hapa amezaa, nasi tunaamini amefika kwao.

Tatizo letu ni moja, nalo ni kuangua.

Yai la kware huchukua siku 17 au 18. Yai la kanga huchukua siku 26 hadi 28, na siku zote hizo joto lisipungue nyuzi 37.5 wala kuzidi sana. Mashine tuliyo nayo ni ya mayai 96, tuliinunua ikiwa imeshatumika, na inategemea stima peke yake. Stima ikipotea saa moja, tunaifunika kwa mablanketi na kuiombea. Ikipotea usiku kucha, hakuna blanketi linaloweza kutuokoa.

Mwezi wa Aprili mvua ilipoanza, stima ilipotea jioni, ikarudi kesho yake adhuhuri. Mayai ya kanga yalikuwa na siku 25. Tulisubiri hadi siku ya 30, kisha mweka hazina wetu akayapasua moja moja juu ya sinia. Ndani ya mayai mlikuwa na vifaranga kamili, manyoya ya michirizi ya kahawia, midomo myekundu, vichwa vimekwisha kugeuzwa kuelekea upande wa kutokea. Tulihesabu 71. Mama huyo hakuweza kula siku hiyo, na wateja wawili wa hoteli tuliokuwa tumewaahidi walitafuta kwengine.

Tumejaribu kuwaatamisha kuku wa kienyeji. Kuku ni mlezi mzuri, lakini mayai ya kanga hayamzidi 20 kwa mara moja, na hoteli haingoji kuku ashikwe na hamu ya kuatamia.

Mheshimiwa, kwa heshima kubwa, ombi hili si geni. Mgeni rasmi wetu wa kwanza aliahidi mashine hapa hapa chini ya mwembe huu, tukampigia vigelegele. Kwa imani hiyo tulichanga, tukajenga chumba cha mawe, tukamwaga saruji mahali pa kuiweka. Wa pili alikikagua chumba, akakisifu, akapiga picha mlangoni. Wa tatu alipokea risala yetu kwa mikono miwili, akampa msaidizi wake aishike, na tangu siku hiyo simu ya msaidizi huyo haipokelewi. Hatusemi haya kwa kinyongo. Tunayasema kwa sababu chumba kipo, na ndani yake mna magunia ya chakula cha kuku.

Kwa hiyo tunakuomba jambo moja tu: mashine ya mayai 500, pamoja na sola na betri za kuiendesha usiku kucha. Barabara tutaiomba siku nyingine, na mabomba ya maji pia. Tukipewa mashine bila betri, tutarudi kwenye sinia lile lile. Kama uwezo ni wa nusu, anza na sola na betri, ile mashine yetu ndogo itatusogeza.

Na tunakuomba, baba, risala hii ukae nayo mwenyewe. Nambari za mwenyekiti na katibu tumeziandika nyuma ya karatasi. Ukiona haiwezekani, tuambie leo hii. Tutakushukuru vilevile, nasi tutajua pa kuanza kuchanga.

Kabla ya chakula, tunaomba uongozane nasi hadi kile chumba. Magunia tumeyasogeza, sakafu imefagiliwa.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanakikundi.