Hesabu mapigo kabla ya kutoa digoksini

Ndugu Mhariri,

Mimi ni muuguzi wa wodi ya moyo, na kuna jambo linanikera. Mwenzangu anamshika mgonjwa kwenye kifundo cha mkono, anahesabu mapigo kwa sekunde 15, anazidisha mara nne, anaandika namba, kisha anatoa digoksini, dawa ya moyo. Wengine hata hawamgusi mgonjwa, wanasoma tu kile kifaa cha kubana kidole.

Wengi wanaotumia dawa hii moyo wao hudunda ovyo, na mapigo mengine ni dhaifu kiasi kwamba hayafiki mkononi, seuze kidoleni. Huwezi kuyapata bila kuweka stethoskopu kifuani, upande wa kushoto chini ya chuchu, na kuhesabu dakika nzima. Kwa mtu mzima, yakiwa chini ya 60 dozi inasubiri na daktari anaitwa.

Nasisitiza digoksini kwa sababu kiasi kinachotibu na kinachodhuru havijaachana sana. Figo za mzee zikichoka, dawa hulimbikizana mwilini. Mgonjwa anakataa chakula, anapata kichefuchefu, anasema taa zina duara la njano. Daktari Mwingereza William Withering, aliyetibu wagonjwa kwa mmea wa jamii inayotoa dawa hii, aliandika habari za kuona njano na kijani mwaka 1785, lakini hadi leo mzee akisema hivyo tunadhani ni macho ya uzee!

Halafu kuna furosemidi, ambayo mara nyingi hutolewa pamoja nayo. Inatoa maji mwilini, na madini ya potasiamu yanatoka na mkojo. Potasiamu ikishuka, digoksini ileile ya jana inaweza kuwa sumu leo. Kwa hiyo majibu ya damu yatazamwe kabla ya kidonge, si baada ya mgonjwa kuzidiwa. Mizani nayo itumike kila asubuhi, mgonjwa akishakojoa na kabla hajala: kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku 3, maji yanarudi.

Najua kisingizio, maana nami nimekitumia: wagonjwa ni wengi, mikono ni michache. Ni kweli. Ila wanaokunywa digoksini katika wodi moja huwa wachache, na kila mmoja anahitaji dakika moja.

Chati nyingi za dawa nilizojaza zina nafasi ya saa na sahihi tu. Naomba wanaozichapisha waongeze kisanduku cha mapigo kando ya digoksini, kijazwe kwanza ndipo sahihi ifuate.

Muuguzi, wodi ya moyo