Chatu si wa kuzibiwa matundu

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili iliyopita juu ya kutunza nyoka wa maonyesho imeshauri matundu ya sanduku yazibwe kwa nailoni ili unyevu usitoke. Naomba nafasi kidogo. Kosa hilo nimeshalifanya mimi, bila kushauriwa na mtu, na aliyeumia ni chatu.

Kazi nilianzia Dodoma, kwenye kituo kidogo chenye kibali. Kiangazi cha kule hata binadamu midomo inampasuka. Chatu wetu jike, wa mita moja na nusu hivi, alikuwa akijivua gamba vipandevipande, na safari moja gamba la macho lilimgandia. Nikaziba nusu ya matundu, nikawa nanyunyizia maji asubuhi na jioni. Gamba likaanza kutoka zima, kama soksi. Nikajiona fundi.

Nikahamia Tanga na ufundi wangu. Masika ilipoingia, kioo cha sanduku kikawa kinatiririka maji, maranda yakaota ukungu. Haukupita mwezi, chatu niliyekabidhiwa huku akatoka mabaka mekundu tumboni na malengelenge kwenye magamba. Kisha akawa analala kichwa juu, mdomo wazi, pumzi ikipiga filimbi, povu puani. Nyoka hawezi kukohoa kama sisi, kwa hiyo makamasi yakishajaa pafuni hayatoki kirahisi. Daktari wa mifugo alimchoma sindano wiki kadhaa. Alipona, lakini miezi miwili hakugusa panya.

Maji hayakuwa na kosa. Hewa ndiyo ilikuwa imelala. Seremala akanitobolea matundu chini, upande wa baridi, na mengine juu, upande wa taa: hewa moto inapanda na kutoka, mpya inaingia kwa chini. Ukiyatoboa yote upande mmoja, hata yakiwa mengi, hewa inazubaa palepale. Maranda nikayatupa, nikatandika usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, ambao Tanga hatuutafuti mbali. Juu unakauka, chini unabaki na ubichi. Na siloweshi tena sanduku zima. Nimeweka ndoo ya plastiki niliyoikata mlango, ndani ina usumba uliolowekwa ukakamuliwa. Macho yakianza kuwa kama maziwa, chatu huingia mwenyewe, akishajivua anatoka. Porini naye hujichimbia kwenye mashimo ya muhanga, halafu hutoka kuota jua. Anachagua.

Kipimo cha unyevu nacho kilinidanganya. Nilikibandika juu karibu na taa, kikasoma asilimia 45 wakati sakafuni kunachuruzika. Sasa ninavyo viwili, kimoja kiko karibu na sakafu upande wa baridi, na ninataka kisome kati ya 55 na 65. Masika kikifika 80 sinyunyizii hata tone: nawasha feni ndogo niliyoitoa kwenye kompyuta mbovu, iko nje ya sanduku, inavuta tu. Taa ya joto siizimi, maana unyevu pamoja na baridi ndio unaoua haraka zaidi.

Nimeitazama tena picha mliyochapisha na makala ile. Kioo kina matone kutoka juu mpaka chini, na nyoka ameinua kichwa pembeni. Kama mwandishi wenu bado ana simu ya mwenye sanduku lile, ampigie leo aondoe nailoni.

Mhudumu wa nyoka,
Tanga