Hilo la Neema si uvivu

Rehema mwenzangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, mzee miguu bado inamsumbua ila mdomo ni uleule, unamjua. Kimya changu utanisema siku nyingine. Leo naandika kwa sababu ujumbe wako wa juzi umenikosesha usingizi, na usingizi kwangu si kitu cha kuchezea.

Eti mwalimu kasema Neema wako amekuwa mvivu. Mvivu! Mtoto aliumia kichwa akiwa na miaka sita, akaamka, akacheza, akafaulu, mkashukuru. Sasa yuko sekondari, mambo yanamzidi, watu wanauliza, "Si alishapona?" Sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kupanga mambo, kujizuia, kuanza kazi na kuimaliza, huendelea kukomaa hadi mtu apite miaka 20. Ikiumia mapema, pengo laweza kujificha miaka mingi, maana mtoto wa miaka sita nani anamdai apange chochote? Mama ndiye anayempangia. Linajitokeza masomo yakishakuwa kumi na kila mwalimu anataka kazi yake kesho.

Kwangu, nami nilipoumia kichwa, ilikuwa hivyohivyo. Nilipotembea na kuongea tu, madaktari wakafunga faili. Unakumbuka nilivyokuwa nikisinzia darasani kabla ya saa sita, wewe unanichoma na kalamu? Mpaka leo mchana nafunika cherehani nalala. Wateja wamezoea, isipokuwa yule wa harusi kila mwaka, bado ananuna.

Na usinililie. Nina kazi, nina madeni, nina baba watoto anayenivumilia (au mimi ndiye ninayemvumilia, sijui). Mkono wa kulia bado mzito, kwa kuwa upande wa kushoto wa ubongo ndio ulioumia. Basi sindano naichomeka kwenye kitambaa, kitambaa nakibana kwa kiwiko, uzi nautunga kwa mkono wa kushoto. Namtangulia msaidizi wangu mwenye mikono yake miwili, na nahakikisha ameona.

Nimemkumbuka pia Harriet Tubman, yule aliyekuwa mtumwa Marekani. Msimamizi alirusha chuma kizito akimlenga mtu mwingine, kikampata yeye kichwani, bado msichana. Maisha yake yote aliumwa kichwa na kusinzia ghafla, hata katikati ya mazungumzo. Akatoroka mwaka 1849, kisha akarudi tena na tena kutorosha watu wapatao 70. Msimulie Neema. Ila usimwambie "nawe utakuwa hivyo", watoto wanachukia hayo. Mwambie tu kwamba kule kusinzia hakukuisha.

Huyo mwalimu lakini! Mpelekee barua ya daktari. Maagizo ampe moja moja, kwa maandishi, na kwenye mtihani wamwongezee muda. Akibisha, nitakuja mwenyewe.

Sasa niambie: anasahau alichoambiwa sasa hivi, au cha jana? Kichwa kinamuuma jioni? Dawa za kifafa, ni daktari aliyemwachisha au mliacha wenyewe? Hapo naomba jibu la kweli. Kuna aliyewahi kupima kumbukumbu na umakini wake, au walipiga picha ya kichwa basi? Yeye mwenyewe anasemaje, kuna aliyemuuliza? Wewe je, unalala? Na gauni langu la kijani, utalirudisha au nishone jingine?

Wako,
Zuhura