Barua kwa mwanangu: Howard Dean hakuangushwa na ukelele

Mwanangu Zuhura,

Hatujambo nyumbani. Nimeitazama video uliyonitumia ya Howard Dean, yule mwanasiasa wa Marekani aliyewania urais mwaka 2004 akapiga ukelele jukwaani, na nimesoma maneno yako kwamba mtu mzima alikosa urais kwa ukelele mmoja. Ndivyo inavyosimuliwa kila mahali, lakini mimi siikubali hadithi hiyo. Wewe unasomea siasa, kwa hiyo nakuomba usiibebe kama ulivyoikuta.

Dean alikuwa daktari katika jimbo dogo la Vermont. Mwaka 1991 gavana alifariki ghafla, na yeye, aliyekuwa makamu wake, habari zikamkuta kliniki akimhudumia mgonjwa. Aliongoza hadi 2003. Alipowania urais, vigogo wengi wa chama chake cha Democratic walikuwa wameidhinisha vita vya Iraq. Yeye alivipinga waziwazi. Vijana wakamfuata, wakachangishana kwa intaneti, kila mtu na kidogo chake, hata mwaka 2003 ukaisha akiwa amekusanya zaidi ya dola milioni 40. Desemba Al Gore, aliyekuwa makamu wa rais, akamuunga mkono.

Kisha ikaja Iowa, jimbo la kwanza katika mchujo wa kumpata mgombea wa chama, na hapa ndipo pa kutulia. Kule wanachama hawakutumbukiza kura sandukuni. Majirani walikutana shuleni au ukumbini, kila mmoja akasimama hadharani upande wa mgombea wake. Kundi ambalo halikufikia kiwango, mara nyingi asilimia 15, lilivunjika na watu wake wakabembelezwa kuhamia kwingine. Kwa hiyo mgombea alihitaji kukubalika hata kwa wasio wake. Dean na mpinzani wake ndani ya chama, Richard Gephardt, wakatumia fedha nyingi kushambuliana kwa matangazo. Vita vya panzi, furaha ya kunguru: wagombea wenzao John Kerry na John Edwards wakapita. Tarehe 19 Januari 2004 Kerry alipata asilimia 38, Edwards 32, Dean 18, Gephardt 11.

Maelfu ya vijana walikuwa wametoka majimbo mengine kumpigania, wamevaa kofia za rangi ya chungwa, wakibisha hodi nyumba kwa nyumba kwenye baridi ya Januari. Nawaheshimu mno. Lakini usiku wa kuamua, wenye kauli walikuwa wenyeji.

Ukelele ulikuja baada ya matokeo. Dean alikuwa akiwatia moyo vijana hao hao. Ukumbi ulirindima, ila kipaza sauti alichoshika kilinasa sauti yake na kuuacha umati nje. Waliokuwemo hawakuona ajabu. Waliokuwa mbele ya runinga walimwona mtu anayepayuka peke yake. Vituo vikairudia mamia ya mara kwa siku chache. Hilo linaniuma hadi leo, maana liliwafanya watu waache kuuliza kwa nini alishindwa.

Fedha nazo zilikuwa zimekwisha, wafanyakazi wakaombwa wavumilie mishahara. Tarehe 18 Februari alijitoa. Machi 2 watu wa Vermont walipiga kura zao za mchujo na, ingawa hakuwemo tena kwenye kinyang'anyiro, wakampa ushindi.

Mwaka 2005 akawa mwenyekiti wa chama, akaweka watumishi katika majimbo yote 50, hata kule ambako wenzake walikuwa wamekata tamaa. Wapo waliombeza. Mwaka 2006 chama kikatwaa Seneti na Baraza la Wawakilishi. Waulize walimu wako ni kiasi gani cha ushindi huo wanampa yeye, uniandikie walichosema.

Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako