Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mikataba ya Ulinzi ya Marekani katika Bahari ya Hindi na Pasifiki

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji, ninawasilisha kwenu taarifa ya mwaka huu, ambao kwa azimio la mkutano mkuu uliopita tuliutumia kujifunza namna Marekani inavyojenga ushirika wa kijeshi katika eneo la Bahari ya Hindi na Pasifiki. Mambo ya fedha yamo katika taarifa ya mhazini, nami sitayarudia.

Tulianza na mikataba yenyewe. Mwaka 1951 Marekani ilitiliana saini na Ufilipino, kisha na Australia na New Zealand kwa pamoja, kisha na Japani. Korea Kusini ikafuata mwaka 1953. Tofauti na Ulaya, ambako NATO inazifunga nchi zote kwa mkataba mmoja, katika eneo hili serikali za Manila (Ufilipino), Tokyo (Japani) na Seoul (Korea Kusini) kila moja iliahidiana na Washington peke yake. Mpango huo sasa unaongezewa viungo vipya: AUKUS, ushirika wa Australia, Uingereza na Marekani wa Septemba 2021, utakaoipatia Australia nyambizi zinazoendeshwa kwa nguvu za nyuklia, na mkutano wa Camp David, nchini Marekani, wa Agosti 2023, uliowakutanisha viongozi wa Japani na Korea Kusini licha ya machungu yaliyoachwa na ukoloni wa Japani huko Korea.

Suala lililotushughulisha zaidi ni la Ufilipino, na kwa maoni yangu ndilo lenye mafunzo mengi kuliko yote. Septemba 1991 Seneti ya nchi hiyo ilikataa kwa kura 12 dhidi ya 11 mkataba mpya wa kambi za Marekani, na mwaka uliofuata Wamarekani wakaondoka katika kambi ya wanamaji ya Subic. Mkataba wa ulinzi wa 1951, hata hivyo, haukuguswa. Haikuchukua muda China ikajenga katika mwamba wa Mischief, katika Bahari ya China Kusini, ambao Ufilipino nayo inaudai, na mwaka 1999 Ufilipino ikaipandisha makusudi meli yake kuukuu, BRP Sierra Madre, kwenye mwamba wa jirani wa Second Thomas ili kulinda madai yake, ambako askari wachache wanaishi hadi leo ndani ya chuma kinacholiwa na kutu. Mwaka 2014 Manila ikawaruhusu tena Wamarekani kutumia kambi zake, ambazo tangu 2023 ni tisa, kwa sharti kwamba zibaki mali ya Wafilipino.

Tarehe 17 Juni 2024 walinzi wa pwani wa China waliwazuia wanamaji wa Ufilipino waliokuwa wakipeleka mahitaji kwenye meli hiyo, na mwanamaji mmoja akapoteza kidole gumba. Wanachama kadhaa waliuliza kwa nini Marekani haikuingia vitani. Jibu limo katika Ibara ya Nne ya mkataba wa 1951, inayosema kwamba kila upande utachukua hatua kwa kufuata taratibu za katiba yake, na katika uamuzi wa Manila yenyewe, ambayo haikuomba mkataba utumike. Rais Marcos wa Ufilipino alikuwa amekwisha kusema wiki chache kabla kwamba kuuawa kwa Mfilipino kwa makusudi kungekaribia sana kuwa tendo la vita. Nawasihi wanachama wasome ibara hiyo kabla ya kuamini kichwa cha habari chochote kinachosema kwamba Marekani imelazimika kupigana, au kwamba imewatelekeza marafiki zake.

Ninaamini kwa dhati kwamba ushirika huu hausimami kwa manowari pekee, bali pia kwa ridhaa ya wenyeji, na hapo ndipo ulipo udhaifu wake. Okinawa, mkoa wa visiwa ulio kusini mwa Japani, wenye ardhi isiyofika asilimia 1 ya Japani, unabeba takriban asilimia 70 ya eneo la kambi za Marekani nchini humo. Februari 2019 zaidi ya asilimia 70 ya waliopiga kura kisiwani walipinga ujenzi wa kambi mpya ya Marekani huko Henoko, lakini Tokyo ikauendeleza.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza tugeukie upande wetu wa bahari, kwenye kambi ya kijeshi ya Marekani na Uingereza iliyoko Diego Garcia, mojawapo ya visiwa vya Chagos. Mkataba uliotiwa saini Mei 2025 kati ya Uingereza na Morisi unaeleza kwamba visiwa vya Chagos vitarudi kwa Morisi huku kambi ikikodishwa kwa miaka 99, na wenyeji walioondolewa humo katika miaka ya 1960 na 1970 wanastahili kusikilizwa katika mijadala yetu. Naomba pendekezo hili lijadiliwe na kupigiwa kura.