Bei ya picha za harusi isiokotwe kwa jirani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wapiga picha wenzangu wa Mbeya, Iringa na Njombe, pamoja na kamati za harusi zinazotuuliza, "Kwani si kubofya tu?" Bei nyingi huku kwetu hupangwa kwa kusikilizia jirani anachukua ngapi. Jirani naye alisikilizia kwa mwingine.

Tuanze na huko kubofya. Shata, yaani pazia la ndani linalofunguka na kujifunga kila unapobofya, kwa kamera ya daraja la chini hukadiriwa na watengenezaji kupiga takriban mara 100,000. Harusi ya siku nzima hula picha 2,000 bila taabu, hasa ukiiachia kamera ipige mfululizo keki inapokatwa. Kwa hiyo kamera hiyo ina harusi 50 tumboni. Kama ilinunuliwa Sh3,000,000, kila harusi inamega Sh60,000. (Wenye kamera zisizo na kioo, yaani mirrorless, zinazoweza kupiga bila pazia hilo, msicheke: kwa nyingi, ukiwasha flashi ukumbini shata inafanya kazi vilevile.) Lenzi, flashi, betri na kadi navyo vinachakaa, tuviwekee Sh30,000.

Sasa chukua mfano wa kazi ya Sh300,000. Toa hiyo 90,000 ya vifaa, msaidizi 40,000, usafiri 50,000, albamu 60,000. Imebaki Sh60,000. Umeanza saluni saa sita mchana, umetoka ukumbini saa sita usiku: saa 12. Kuchagua picha 400 kati ya 2,000 ni saa tatu, na kuzihariri kwa dakika mbili mbili ni dakika 800, yaani zaidi ya saa 13. Jumla saa 28. Umelipwa Sh2,100 na ushee kwa saa, na bado bando, umeme na kodi.

Hesabu ianzie nyumbani. Ukihitaji Sh700,000 kwa mwezi na kazi unazozipata kweli ni nne, kila kazi ibebe 175,000 juu ya gharama zake. Katika mfano wetu, chini ya Sh415,000 unakula mtaji. Na usihesabu kwa msimu wa baada ya mavuno pekee. Kwaresima na Ramadhani harusi hupungua sana.

Safari nayo ina bei yake. Harusi ya Tukuyu ikiisha usiku wa manane hakuna daladala, ni gari la kukodi au gesti. Makete mwezi Juni baridi humaliza betri haraka: beba tatu, za akiba zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Ukitoka kwenye baridi hiyo kuingia ukumbi uliojaa watu, lenzi hupata ukungu papo hapo. Acha kamera ndani ya begi lililofungwa kama nusu saa ipate joto taratibu. Nusu saa hiyo ni ya kazi, ilipiwe.

Kamati ikisema fedha haitoshi, punguza kazi badala ya bei: ondoa albamu, au ondoka saa tatu usiku. Andikeni saa, idadi ya picha, siku ya kukabidhi na malipo ya kila saa ya ziada. Nusu itangulie siku ya makubaliano, iliyobaki iingie kabla maharusi hawajaingia ukumbini. Ukikubali kungoja hadi siku ya kuvunja kamati, deni lako litavunjwa nayo.

Mpiga picha wa kujitegemea,
Uyole, Mbeya